Pima Kinanda kwa Mkono wa Kushoto

Ukisimama tu mbele ya kinanda dukani, muuzaji atabonyeza kitufe cha demo kabla hujafungua mdomo. Duka litajaa tarumbeta, ngoma, fidla na gita, na wapita njia watageuka kuangalia. Acha wimbo uishe, kisha mwombe kwa adabu azime. Wimbo ule umetungwa na watu wanaojua kila udhaifu wa chombo kile, wakazikwepa sauti mbovu na kuzipanga mbele zile nzuri. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na demo ndiyo matembezi yenyewe.

Hapa nazungumzia vinanda vya staili, vile ambavyo mkono wa kushoto ukishika noti tatu kwa pamoja, yaani kodi, mashine inaweka ngoma, besi, ridhimu na fidla nyuma yako, na mkono wa kulia unabaki huru kupiga melodi. Ndivyo vilivyojaa makanisani, kwenye kumbi za harusi, kwenye vikundi vya taarabu ya kisasa na kwenye sebule za watu wanaojifunza. Roland walitoa E-20 mwaka 1988, Korg wakaja na i3 mwaka 1993, Yamaha wakatoa Tyros mwaka 2002 na Genos mwaka 2017. Casio wako chini yao kwa bei, na Ketron wa Italia wana wafuasi wao wachache lakini wakaidi.

Wanunuzi wengi hupima kwa mkono wa kulia. Wanapiga piano kidogo, saksafoni kidogo, wanasifu, wanalipa. Siku hizi hata kinanda cha bei ya chini kina piano inayosikika vizuri kwenye spika ndogo za duka, kwa hiyo kipimo hicho hakichuji kitu. Wala usihangaike na idadi iliyoandikwa kwenye boksi, sauti 600, sauti 800. Katika hizo utatumia kumi na tano. Ufundi wa kinanda cha staili, na sehemu kubwa ya tofauti ya bei, uko upande wa kushoto: jinsi ile bendi ya ndani inavyokufuata unapobadilisha kodi.

Anza hivi. Chagua staili ya taratibu na ushushe kasi mpaka 70 hivi. Zima ngoma na besi, ubaki na gita la ridhimu na fidla za nyuma. Kinanda kisichokuruhusu kuzima sehemu moja moja kimeshajieleza. Sasa shika C, kaa hapo kidogo, nenda F, nenda G, rudi C. Mkono wa kulia utulie, usipige kitu. Sikiliza fidla. Kwenye staili iliyofanyiwa kazi, unapotoka C kwenda F, ile noti ya C iliyomo kwenye kodi zote mbili inabaki palepale, E inasogea nusu hatua kuwa F, na G inapanda hatua moja kuwa A. Ndivyo vidole vya mpiga gita mzuri vinavyosogea kwenye shingo ya gita, na ndivyo sauti za kwaya zinavyopangwa na mwalimu anayejua kazi yake: kila mtu anakwenda kwenye noti iliyo karibu naye. Kwenye staili iliyolipuliwa, kodi nzima inarushwa juu kama ilivyo, noti zote tatu kwa pamoja, kisha inarushwa tena kwenda G. Ukishausikia mruko huo mara moja, utausikia kila mahali, hata kwenye rekodi za watu.

Rudisha besi, fidla uzizime. Shika kodi zote kumi na mbili, ukipanda nusu hatua moja moja kutoka C mpaka B. Besi haiwezi kupanda bila kikomo, kwa hiyo mahali fulani itaanguka oktavi nzima. Watengenezaji ndio wanaoamua mahali hapo, na uamuzi mbaya unasikika. Ikiwa besi inaanguka kati ya F na G, na nyimbo zenu mnaimba kwenye kii ya C, basi kila safari ya F kwenda G, ambayo ndiyo safari ya kawaida kuliko zote, besi itadondoka kama aliyekosa ngazi. Kwenye vinanda vikubwa mpaka huo unaweza kuubadilisha mwenyewe ndani ya staili. Kwenye vidogo utaishi nao.

Kisha jaribu C yenye E chini. Shika E, G na C, ukiwa umechagua ile namna ya kushika ambayo noti ya chini ndiyo inayoamua besi. Besi ikipiga E, vizuri. Ikipiga C na kukupuuza, ujue kinanda hicho kitakusumbua kwenye nyimbo za ibada za kizamani. Anayepiga Tenzi za Rohoni anajua kwamba besi ya nyimbo zile haisimami mahali pamoja, inatembea, na nusu ya uzuri wake uko kwenye kutembea huko. Vinanda vingi vya daraja la chini hutambua kodi lakini havisikilizi noti ya chini. Kwa mtu wa kanisa, kasoro hiyo ni kubwa kuliko piano mbaya.

Jaribio la mwisho la kodi ni la wakati. Wapiga rumba hawangoji pigo la kwanza. Kodi wanaiwahisha, nusu pigo kabla, na hapo ndipo utamu ulipo. Fanya hivyo: shika C, na katika nusu ya mwisho ya pigo la nne ingia F. Kinanda kizuri kitageuza gita na besi palepale bila kukatika. Kinanda kibaya kitakata gita katikati ya mkwaruzo na kulianzisha upya, au kitaacha besi ikilia C kwa kitambo huku kila kitu kingine kiko F. Ukiwa sebuleni peke yako unaweza kuvumilia. Ukiwa jukwaani na mpiga drams hai pembeni yako, atakuangalia.

Baada ya hapo pima uvumilivu wa staili. Hili watu hawalifanyi kwa sababu linachosha, na kuchosha ndiko kunakopimwa. Harusini, watu wakianza kumtunza mwimbaji wa taarabu, wimbo haumaliziki mpaka foleni ya watunzaji imalizike. Kanisani, sadaka ikipita kwenye waumini mia nane, kiitikio kile kile kinazunguka dakika kumi na zaidi. Staili ambayo mzunguko wake ni bari mbili itakuwa imejirudia mara nyingi mno, na mwanadamu huhisi hata kama hajui anahisi nini. Yenye mzunguko wa bari nane ina nafasi ya kuweka kitu kidogo kwenye bari ya sita ambacho hakikuwepo kwenye ya pili: tumba inaongeza pigo, gita linaacha pengo. Hesabu bari kwa vidole mpaka usikie mwanzo umerudi. Kisha pita kwenye sehemu nne, A, B, C na D, na usikilize kama kweli zinapanda. Kuna staili ambazo D ni A ile ile iliyoongezewa matoazi. Sikiliza pia fili, zile ngoma za kupita unapotoka sehemu moja kwenda nyingine. Ukibonyeza fili ukiwa umechelewa, katikati ya bari, kinanda kizuri kinaingia hapohapo na kumalizia bari kwa usahihi. Na fili ya A isifanane na fili ya D, maana mpiga drams hagongi kwa nguvu zilezile wimbo ukiwa umelala na ukiwa umewaka.

Sasa tuje kwenye midundo yetu, na hapa afadhali niseme wazi. Fungua orodha ya staili za kiwandani ya karibu kinanda chochote na utakutana na 8 Beat, Ballad, Country, Waltz, Bossa Nova. Kitufe kilichoandikwa Rumba kwa kawaida kinatoa rumba ya kumbi za dansi za Ulaya, wala Franco wa Kongo hayumo humo. Sebene, benga, chakacha na mugithi utazitafuta bure kwenye vinanda vingi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama kinanda kinapokea staili kutoka nje kwa fleshi, na kama kinakuruhusu kutengeneza au kurekebisha staili mwenyewe. Kinanda chenye staili 200 za kiwandani na mlango uliofungwa kina thamani ndogo kwa mpigaji wa hapa kuliko chenye staili 100 na mlango ulio wazi.

Fleshi zenye staili za sebene na za injili zinauzwa na kugawanywa kila mahali, na ubora wake ni bahati nasibu. Tatizo kubwa ni kwamba kwa kawaida staili haibebi sauti, inabeba maagizo. Inasema: gita namba fulani lipige noti hizi kwa nguvu hii. Staili iliyotengenezwa kwenye kinanda kikubwa ikiingizwa kwenye kidogo, gita lile halimo, na mashine inatafuta la karibu yake. Hapo ndipo unaposikia sebene inapigwa na kitu kinachofanana na kinubi, au tumba zimegeuka filimbi za refa. Vilevile faili za muundo mpya huenda zisisomeke kabisa kwenye vinanda vya zamani vya kampuni hiyohiyo, na staili ya Yamaha haiingii kwenye Korg bila kugeuzwa. Nenda dukani na fleshi yenye staili tatu unazozipenda, na uzijaribu palepale kwenye kinanda unachotaka kununua.

Kuhusu sebene yenyewe nina msimamo ambao baadhi ya wapigaji hawaupendi. Hakuna staili inayopiga magita ya sebene ikaaminika. Magita mawili au matatu yanayosukana, kila moja likijibu la mwenzake, yanatoka kwa watu wanaosikilizana. Tumia kinanda kwa ngoma na besi, zima magita ya ndani, na piga solo mwenyewe kwa mkono wa kulia. Utasikika mtu zaidi.

Kwa taarabu kipimo kinabadilika kabisa. Kanuni, udi, fidla na nai, vyombo vilivyobeba taarabu ya Unguja tangu enzi za Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, vinaweza kufika kwenye noti zilizo katikati ya noti za piano. Makamu ya Rast ikianzia C inataka E na B zishushwe robo hatua, senti 50 kwa lugha ya mafundi. Kinanda cha kawaida kina E na E bapa, na hakuna kitu katikati. Ndiyo maana nyimbo nyingi za taarabu ya kisasa zimehamia kwenye makamu ambazo kinanda kinaziweza, na masikio ya vijana yamezoea hivyo.

Wanaotaka kupiga taarabu kongwe kama ilivyopigwa wanahitaji kinanda kinachoruhusu kushusha noti moja moja ndani ya oktavi. Vinanda vya daraja la kati na la juu vingi vina uwezo huo ndani ya menyu. Lakini menyu ni jambo la nyumbani. Jukwaani unahitaji kuishusha E kwa mguso mmoja, katikati ya wimbo, na kuirudisha wimbo unapogeuka. Vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu vimefikiria hilo, kama Yamaha PSR-A5000 ya mwaka 2021 au Korg Pa600QT, na juu yake vina sauti za kanuni na udi zilizorekodiwa kwa heshima, pamoja na midundo ya maksum na masmudi. Ukitaka kujua kama kinanda cha aina hiyo kinafaa, shusha E na B, piga Rast taratibu kutoka C kupanda na kushuka kwa sauti ya nai, kisha tumia transipozi, kile kitufe cha kuhamisha kii, kupandisha hatua moja na upige tena. Kwenye baadhi ya vinanda noti zilizoshushwa hazihami na wewe, zinabaki zilipokuwa, na makamu yote inaharibika. Afadhali ulijue hilo dukani kuliko ukumbini.

Nimeitaja transipozi, basi niseme neno moja. Wapigaji wengi wa makanisani wamejifunza kii moja na kitufe hicho ndicho kinachowabeba. Sioni aibu yoyote hapo. Ila hakikisha kitufe kiko juu, mahali kidole kinafika gizani, na kioo kinaonyesha namba yake wakati wote. Kwaya imesimama, mwalimu ameshatoa sauti, na wewe unasaka transipozi ndani ya kurasa za menyu: huo ni mtihani usiohitaji kuufanya.

Sasa vidole. Kinanda cha oktavi tano, funguo 61, kinatosha kwa karibu kazi zote za staili, na mwenye mkono uliolelewa kwenye piano atapenda 76. Jambo la lazima ni kwamba funguo ziwe za ukubwa kamili na zipokee nguvu ya kidole, yaani ukigusa taratibu sauti iwe ndogo na laini, ukigonga iwe kubwa. Yamaha PSR-F51 na PSR-E273 hazina uwezo huo, PSR-E373 inao, na kwa mtoto anayeanza tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Anayejifunza kwenye kinanda kisichojua nguvu ya kidole anapata vidole visivyosema kitu, na kuvirekebisha baadaye ni kazi.

Kupima mguso, chagua piano, tafuta C ya katikati, na uipige mara nyingi mfululizo, ukianza kwa mguso mdogo kabisa na kuongeza kidogo kidogo mpaka nguvu yako yote. Sauti ipande kama mteremko. Kama mahali fulani inaruka ghafla, kutoka piano ya mbali hadi piano inayopiga kelele, maana yake wamerekodi ngazi mbili tu za nguvu na mshono unaonekana. Kisha panda funguo zote moja moja kwa nguvu ileile na usikilize mishono ya aina ya pili, pale rekodi moja inapoishia na nyingine kuanza. Rekodi moja huvutwa ikahudumia funguo kadhaa, na ikivutwa kupita kiasi, ufunguo wa mwisho husikika kama mtu anayeongea kupitia pua. Halafu shika noti moja ya fidla na usiiachie. Baada ya sekunde chache utasikia kama inajizungusha, wiu, wiu, wiu. Mzunguko ukisikika waziwazi kwenye spika za duka, kwenye spika za ukumbi utakuwa mbaya zaidi.

Kuna namba moja kwenye karatasi ya sifa ninayoiheshimu: idadi ya noti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja. PSR-E373 ina 48, PSR-E473 na Casio CT-X5000 zina 64, PSR-SX900 ina 128. Utasema huna vidole 48. Lakini ngoma zinakula, besi inakula, ridhimu, fidla na pedi zinakula, sauti ya stirio inakula mbili mbili, na ukikanyaga pedali kila noti uliyopiga inaendelea kukaa kwenye hesabu. Zikijaa, kinanda kinaua noti za nyuma bila kukuuliza. Washa staili nzito, sehemu ya D, changanya piano na fidla mkono wa kulia, kanyaga pedali na upande na kushuka. Ukisikia besi inapotea au fidla zinakatika, umefika kwenye kikomo.

Wa nyumbani anaweza kuishia hapo, aongeze tu kwamba kinanda kinachokubali betri ni baraka umeme ukikatika, na tundu la hedifoni ni amani ya ndoa. Wa jukwaani ana mambo mengine, na la kwanza ni matundu ya nyuma. Vinanda vingi vidogo vina tundu moja tu la hedifoni, na fundi mitambo analazimika kuchomeka waya wake hapo. Ni tundu la stirio. Ukichomeka jeki ya mono, upande mmoja unaunganishwa na waya wa chini na kupotea, na ukichomeka, spika za kinanda zinanyamaza, kwa hiyo na wewe hujisikii. Tafuta chenye matundu mawili ya kutolea sauti, kushoto na kulia, mbali na hedifoni. PSR-E473 inayo, na hiyo peke yake inaifanya itofautiane na ndugu zake wadogo. Vikubwa kabisa kama Tyros, Genos na Korg Pa4X havina spika ndani, zinanunuliwa mbali. Usije ukashangaa kukiwasha nyumbani na kukuta kimya.

La pili ni umeme wetu. Zima kinanda, kiwashe, na hesabu sekunde mpaka kikubali kupiga. Vidogo vinaamka haraka. Vikubwa ni kompyuta zilizovaa funguo, na baadhi huchukua muda ambao mbele ya ukumbi uliojaa ni kama saa nzima. Angalia pia kama mipangilio uliyohifadhi imerudi au imefutika. Uliza kuhusu adapta kabla ya kulipa: PSR-E473 inataka volti 12, PSR-SX900 volti 16, na adapta nyingi za Casio za zamani ni za volti 9 zenye hasi katikati wakati Yamaha wanaweka chanya. Adapta ya jirani inayoingia vizuri kwenye tundu inaweza kuua kinanda kwa sekunde moja. Mtumba uliotoka Japani huenda umetengenezwa kwa volti 100, na ukiuchomeka kwenye 230 zetu bila kipunguza umeme, mazungumzo yameisha.

Kuhusu mtumba kwa ujumla, siuogopi. Kinanda cha daraja la juu cha miaka kumi iliyopita mara nyingi kina staili bora kuliko kipya cha daraja la chini cha bei ileile. Ogopa kitu kimoja zaidi: mipira iliyo chini ya funguo. Kila ufunguo unaopokea nguvu ya kidole una migusano miwili chini yake, na kinanda hupima muda kati ya wa kwanza na wa pili ili kujua umepiga kwa nguvu gani. Vumbi, chumvi ya pwani au soda iliyomwagika ikiziba mmoja, ufunguo huo aidha haulii, au unalia kwa nguvu zote hata ukiugusa kwa unyoya. Piga funguo zote 61 kwa mguso laini, usiruke hata mmoja. Mara nyingi hili hutibika kwa kusafishwa na fundi anayejua, kwa hiyo litumie kupunguzia bei. Tundu la adapta linalolegea hutibika pia. Kioo chenye mistari, au kioo cha kugusa kisichojua umekigusa wapi, achana nacho. Na vile vya zamani vilivyokuwa vikitumia disketi, uliza staili zitaingiaje leo.

Ukiniuliza ninunue kipi, nitakuuliza unapigia wapi. Mtoto au mtu mzima anayeanza nyumbani achukue chenye funguo 61 zinazopokea nguvu ya kidole, cha kampuni inayojulikana, na asiangalie staili ni ngapi. Kanisa dogo au mpigaji wa sherehe anayebeba mwenyewe atosheke na daraja la PSR-E473, lenye matundu mawili nyuma na uwezo wa kupokea staili kwa fleshi. Mwenye kutafuta riziki kwa kinanda apande hadi PSR-SX700 au Korg Pa700, mpya au mtumba safi, kwa sababu hapo ndipo mkono wa kushoto unapoanza kusikilizwa kweli. Mtu wa taarabu asikubali kitu kisichoshusha noti kwa mguso mmoja. Genos na Pa5X ni vyombo vya ajabu, lakini bendi inayovinunua kabla ya kuwa na spika nzuri imepoteza fedha.

Na kwa daraja lolote, hesabu ndani ya bajeti stendi imara, pedali, begi na stabilaiza. Fedha isipotosha vyote, shuka daraja moja la kinanda. Nenda dukani asubuhi kabla hapajajaa watu, na hedifoni zako, fleshi yako na nusu saa ya kupiga. Muuzaji akikunyima hiyo nusu saa, nenda duka la pili.